Kusoma mchoro kabla ya kuutundika: mwongozo wa fundi fremu

Fremu iliyonitia aibu kuliko zote haikuwa na kasoro. Kona zilikutana vizuri, nilipiga msasa, nikapaka vanishi mara mbili. Kosa lilikuwa ndani. Kijana mmoja aliniletea mchoro kutoka Lubumbashi, umechorwa juu ya kitambaa cha mfuko wa unga, upande wa kulia umeanza kuchanika. Nikaona isiwe tabu: nikakunja upana wa vidole vinne kuelekea nyuma, nikapigilia kwenye mbao, nikafunga kazi. Siku ya kuchukua alikuja baba yake, mzee wa Kikongo aliyekaa Dar miaka mingi. Akautazama kimya. Kisha akauliza: "Fundi, na ule mwanamuke wa chakula, iko wapi?"

"Mwanamke gani, mzee?"

Alikuwa nyuma ya mbao, na bakuli lake kichwani.

Tangu siku hiyo sishiki msumeno kabla sijausoma mchoro. Ninavyofanya ni hivi. Huhitaji kupita shule ya sanaa. Unahitaji karatasi, kalamu na nusu saa bila simu. Mfano wangu mkuu utakuwa mchoro ule ule wa mzee, kwa sababu ni wa aina iliyochorwa na wachoraji wengi wa Katanga, eneo la Lubumbashi huko Kongo, na wenyewe huiita Colonie Belge, yaani koloni la Ubelgiji.

1. Orodhesha kwanza

Mtu akisimama mbele ya mchoro, swali linalomtoka ni "maana yake nini?" Hilo liweke mfukoni. Andika unachokiona, kitu kimoja kimoja, ukianzia pembeni na kuingia katikati. Pembeni ndiko jicho hupita mbio, na mikono ya mafundi fremu vilevile.

Nilipoufungua upya mchoro wa mzee niliandika hivi. Juu, bendera: nyeusi, njano, nyekundu. Chini ya bendera, jengo la serikali lenye kuta nyeupe. Mzungu wa kofia ngumu, kiko mdomoni, amesimama wima na mkono mmoja nyuma. Askari Mwafrika mwenye kofia nyekundu, mkono juu, ameshika kiboko. Mbele yake mtu amelala kifudifudi, suruali imeshushwa, matakoni michirizi ya damu. Wafungwa wengine, nguo za mistari ya njano na nyeusi, wanafanya kazi. Kulia kabisa, mwanamke mwenye bakuli kichwani na mtoto mgongoni. Chini, maandishi: Colonie Belge 1885–1959.

Halafu fuata macho yao. Mzungu anamtazama anayepigwa. Askari anatazama anapopiga. Wafungwa wanatazama ardhi. Mwanamke peke yake ndiye aliyetugeuzia uso sisi tunaotazama, na huyo ndiye niliyemkunja.

Usiandike "mateso" wala "dhuluma" kwenye orodha hii. Hayo ni majibu, na hatujafika huko. Andika "michirizi minne."

2. Taja jambo lililochaguliwa, kisha taja lililoachwa

Hapa ndipo mada inapoanza kusema. Anayetaka kuchora ukoloni wa Wabelgiji pale Katanga ana mambo tele mbele yake: migodi ya shaba, reli, misheni, shule. Mchoraji ameyapita yote akaingia ua wa gereza. Uamuzi huo peke yake ni kauli, hata kabla hujaangalia rangi.

Rudi kwenye ile miaka iliyoandikwa chini. Mwalimu wa historia angeitia wino mwekundu. Kuanzia 1885 hadi 1908 Kongo haikuwa koloni la Ubelgiji. Ilikuwa mali ya Mfalme Leopold II mwenyewe, ikiitwa Dola Huru ya Kongo. Ubelgiji iliichukua 1908, na uhuru ukaja tarehe 30 Juni 1960. Mchoraji ameunganisha vipindi viwili kwa kistari kimoja. Nilidhani ni kutojua, mpaka nilipomtazama tena aliyelala chini. Yeye hakubadilishiwa kiboko mwaka 1908. Fimbo ile ilitengenezwa kwa ngozi ya mnyama kiboko, na Kiswahili hakikuona haja ya kuitafutia jina jipya. Kwa hiyo ukikuta "kosa" kwenye mchoro, usilirekebishe haraka. Jiulize limemsaidia nani kusema nini.

Kuna mada ambazo hazifunguki bila kujua desturi. Sam Ntiro, Mchaga wa Machame aliyesoma na kufundisha Makerere, alichora mwaka 1956 wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mchoro huo uko kwenye jumba la sanaa za kisasa la New York. Mtazamaji wa kule ataona watu wamebeba mizigo gizani, na kweli ni picha nzuri ya usiku. Aliyekulia Kilimanjaro anajua mbege haibebwi tu kama maji. Inapobebwa hivyo kuna koo mbili zinazungumza, kuna ahadi, kuna wazee wanaosubiri. Ukikutana na mada ya desturi usiyoijua, tafuta mtu wa huko umuulize. Dakika tano za mazungumzo zitakupa kuliko siku nzima ya kubuni.

Njia nyingine ya kuisemesha mada ni kuihamisha. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora ukutani mwa kanisa la Anglikana la Murang'a, Kenya, matukio matano ya maisha ya Yesu, tangu kuzaliwa hadi msalabani. Hadithi ni ile ile anayoijua kila mtoto wa Shule ya Jumapili. Ila Yesu ni Mwafrika, anazaliwa kwenye nyumba ya Kikuyu, na vilima vya nyuma yake ndivyo waumini walivyovipita asubuhi wakija ibadani. Kanisa lenyewe lilijengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa Mau Mau. Kwa waliokaa kwenye mabenchi yale, msalaba uliosimamishwa juu ya udongo wa Murang'a haukuwa habari ya mbali.

3. Tazama kilichochorewa, ikibidi geuza nyuma

Hatua hii wengi huiruka kwa sababu kwenye simu picha zote zina mgongo mmoja. Mimi nina bahati, huwa naona migongo.

Mchoro wa mzee ulikuwa kwenye kitambaa cha mfuko wa unga, na nyuma bado herufi za kiwandani zilisomeka kwa mbali. Hilo linakuambia bei, linakuambia aliyechora hakuwa na duka la vifaa vya sanaa jirani, na linakuambia mnunuzi hakuwa tajiri. Picha ya kifahari haichorwi juu ya mfuko. Hii ilichorwa kwa watu wa mshahara mdogo, wenye ukuta mmoja sebuleni.

Edward Saidi Tingatinga, kijana wa Tunduru aliyekuja kutafuta maisha Dar es Salaam, alianza mwaka 1968 kwa vipande vya mraba vya hadibodi na rangi za kung'aa, zile za kupaka baiskeli. Rangi ya namna hiyo haina subira. Haikubali kuchanganywa taratibu kama rangi za wachoraji wa Ulaya. Ukiipaka inakaa, inang'aa, mpaka wake unakata. Ukitaka kujua kwa nini chui wa Tingatinga ana madoa safi kama vifungo vya shati, anzia kwenye kopo.

Na kuna anayechagua kitambaa makusudi ili kiseme. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, huchora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, lile gome la mti wa mutuba linalopondwa Uganda mpaka linakuwa kitambaa. Gome lina matundu na mishono, naye huyaacha yaonekane katikati ya nyuso na miili. Kwa Waganda lubugo ndiyo sanda ya asili. Huwezi kumtazama mtu aliyechorwa juu ya kitambaa cha kuzikia ukamtazama kama aliyechorwa juu ya turubai la dukani.

4. Mtindo: ubadilishe kichwani uone nini kinapotea

Neno "mtindo" huwatisha watu, wanadhani lazima ujue majina ya vyama vya wachoraji wa Ufaransa. Achana nayo. Fanya jaribio hili: funga macho, uchore upya mchoro huo huo kichwani kwa namna nyingine, kisha uone kimeondoka nini.

Chukua simba wa Tingatinga. Mpe kivuli chini ya miguu, mpe nyasi zinazofifia kwa umbali, mpunguze awe robo ya picha. Umepata kalenda ya hifadhi ya wanyama. Simba amekuwa mbali, na wewe umekuwa mtalii ndani ya gari. Sasa mrudishe alivyokuwa: hana kivuli, amejaa kwenye mraba mzima, jicho moja la duara linakukodolea, nyuma yake rangi tupu. Huyu yuko chumbani na wewe. Ni simba wa kwenye hadithi ya bibi, hana haja ya nyasi.

Fanya hivyo hivyo kwa Colonie Belge. Ukimpa mzungu uso wa hasira na jasho, anakuwa mtu mmoja mbaya, na kosa linakuwa lake. Alivyochorwa kweli hana hasira. Amesimama wima kama mlingoti wa bendera iliyo juu yake, kiko kinafuka, nguo haina mkunjo. Mwili wenye msukosuko ni wa askari. Jasho ni la askari. Utulivu ule ndio ulionifanya nirudi kuutazama mchoro mara ya tatu. Hausemi "bwana huyu alikuwa mkali." Unasema hii ilikuwa asubuhi ya kawaida ofisini.

Njia nyingine ya kufundisha jicho ni kulinganisha mikono tofauti iliyokaa chumba kimoja. Mwaka 1946, mjini Elisabethville (ndiyo Lubumbashi ya leo), Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyoitwa Hangar. Hakutaka vijana waige Ulaya, aliwaacha kila mmoja atafute mkono wake. Pili Pili Mulongoy alichora samaki na ndege kwa utulivu, kila gamba na kila unyoya mahali pake. Mwenze Kibwanga alijaza picha nzima kwa mistari mifupi mifupi, mpaka watu na ardhi wakaonekana wamesukwa kwa uzi mmoja. Bela aliweka brashi chini akachora kwa ncha za vidole. Mwaga wanyama wale wale mbele ya hao watatu, upate dunia tatu. Kwa Pili Pili pori ni bustani. Kwa Mwenze hakuna kinachoweza kuchomolewa bila kingine kufumuka. Kwa Bela kila kitu kimeguswa na mtu.

5. Alama zije baada ya hayo yote

Nimeziweka nyuma kwa makusudi. Mtandaoni kuna orodha zinazokuambia nyekundu ni damu, nyeupe ni amani, njiwa ni roho. Orodha hizo zitakupoteza. Nyeupe hapa pwani ni sanda, na ni kanzu ya bwana harusi, na ni ukuta wa ofisi ya mkoloni. Alama haina maana mfukoni mwake. Huipata pale mchoraji na mtazamaji wanapokumbuka kitu kimoja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua ni wa Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya nchi yake, michoro zaidi ya 100, na kila mmoja akausimulia kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Mingi ya hiyo imehifadhiwa Amsterdam. Kwenye mchoro wa kifo cha Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliyeuawa huko Katanga tarehe 17 Januari 1961 pamoja na wenzake Mpolo na Okito, ameweka misalaba mitatu kwa mbali nyuma. Lumumba ana jeraha ubavuni. Damu inayotoka hapo inaandika ardhini neno la Kifaransa: unité, umoja.

Hesabu alama zilivyofanya kazi. Misalaba mitatu: watu watatu, na mtazamaji aliyelelewa misheni hahitaji kuambiwa kilima kipi. Jeraha la ubavuni limetoka hadithi ile ile, sasa hakuna shaka tena. Lakini neno "unité" halimo kwenye Injili. Hapo ndipo Tshibumba anaongeza lake: kifo hiki kilikuwa kwa ajili ya nchi isigawanyike, na kimechorwa na mtu wa Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga. Mwenyewe alimweleza Fabian kwamba kwake Lumumba alikuwa kama Bwana Yesu wa Zaire. Maneno hayo ukiyasikia barabarani yanaweza kuleta ugomvi. Kwenye picha yamekaa.

Alama nyingine ni za nyumbani na hazina ukubwa huo. Wachoraji wa Lubumbashi walipenda sana kumchora mamba muntu, mwanamke nusu samaki, nywele ndefu, kando ya maji. Mara nyingi amevaa saa ya mkononi. Saa majini! Ukicheka umeanza kuelewa. Ni malkia wa utajiri wa kisasa, ule unaokuja ghafla na kudai malipo usiyoyajua, na saa ndiyo mali iliyokuwa ikionekana mkononi mwa mwenye kazi nzuri mjini.

Na pengine hakuna alama. Nimesikia mtu akimweleza mgeni kwamba twiga wa Tingatinga ni ishara ya kuona mbali na kifaru ni ustahimilivu. Mgeni alinunua, basi heri. Ila twiga yule alikuwa twiga, na uzuri wake ni shingo iliyolazimika kujikunja ili iingie kwenye mraba.

6. Uliza ulitundikwa wapi na nani alilipa

Mchoro huongea na aliyetarajiwa kuusikia. Tingatinga aliuza sana Oysterbay, karibu na maduka waliyoyatumia wageni, na wanafunzi wake wakaendelea baada ya kifo chake mwaka 1972. Wanyama waliongezeka kadiri wanunuzi walivyowataka. Sioni aibu hapo. Ni muhimu tu ujue, usije ukatafuta siri ya kabila ndani ya bidhaa iliyochorwa iingie kwenye sanduku la ndege.

Colonie Belge ilikwenda upande wa pili. Ilinunuliwa na wenyeji na kutundikwa sebuleni, juu ya makochi, penye redio. Kwa nini mtu atundike kiboko mahali anapokunywa chai? Neno walilolitumia Lubumbashi ni ukumbusho: picha nzuri ni ile inayokukumbusha na kukufanya ufikiri. Na usisahau ni lini. Michoro hii ilishamiri miaka ya 1970, Rais Mobutu akiwa madarakani, na haikuwa rahisi kusema hadharani kuhusu askari wa wakati huo. Picha iliyoandikwa 1959 haimkamati mtu. Mgeni akiingia, mwenye nyumba anaweza kuionyesha kwa kidole na kusema "ile ya zamani," na wote wawili wakanyamaza kidogo. Huo ni usomaji wangu, lakini sijapata mwingine unaoeleza vizuri zaidi kwa nini picha ya mateso yaliyopita iliuzika hivyo.

Kama wewe ndiye mchoraji, zifuate hatua hizi kwa kurudi nyuma. Anza na nani atautundika na anakumbuka nini. Chagua jambo moja, uache mengine. Chukua ubao au kitambaa kinachofanana na jambo hilo. Alama weka moja, mbili, zisizidi. Ya tatu humfanya mtazamaji ahisi anafundishwa.

7. Andika sentensi moja, umpelekee mwenye picha

Ukimaliza, funga orodha yako na uandike sentensi moja tu inayoanza na "Mchoro huu unasema…" Isizidi mistari miwili. Ndani yake iwepo mada, mtindo na angalau kitu kimoja ulichokiona pembeni. Halafu msomee mtu anayeuishi mchoro huo, mwenye nyumba, jirani, muuzaji.

Mimi nilitengeneza fremu mpya, pana zaidi, kwa gharama yangu, na mwanamke akarudi mahali pake. Mzee alipokuja nilikuwa na sentensi yangu kwenye kipande cha sandpepa: "Mchoro huu unasema serikali ilipiga watu kwa mkono wa watu, ikiwa imetulia, na wake zao wakiona." Nilijivunia lile neno "imetulia."

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni kweli, vyote nilivyotaja vimo. Kisha akaweka kidole karibu na bakuli, bila kuligusa, akaniambia kwamba kwao hawakuwahi kuiita picha ya gereza wala picha ya kiboko. Watoto wote waliiita picha ya mama. Baba yao alikuwa amewahi kufungwa, na wao walikumbuka njia ya kupeleka chakula.

Akainua fremu, akaigeuza, akaniuliza kama waya ule utahimili uzito.